Aliacha Nini Nyumbani? Swali la Wakili Gusnimar wa Payakumbuh

Saa mbili na robo asubuhi, Jumatatu. Wakili Gusnimar hajamaliza hata kufungua madirisha ya ofisi yake, chumba kimoja juu ya duka la fotokopi mjini Payakumbuh, na tayari mteja wa kwanza amekaa. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, amejifunga ushungi wa kijani, na mapajani amepakata mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mna kitabu cha ndoa na kopo la galamai.

"Nataka talaka," anasema. "Na hii galamai ni yako, Uni. Nimeisonga jana."

Uni ni dada mkubwa, na mji mzima humwita hivyo, kuanzia mahakimu hadi wauza samaki. Ana miaka arobaini na tisa, kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza katika kesi za ndoa kwenye mahakama ya dini. Anausogeza mkasi mkubwa wa fundi cherehani unaokandamiza karatasi zake, anaweka kopo mezani na kuanza na galamai. Ni haluwa nyeusi ya mchele wa kunata, tui na sukari ya mnazi, na hii imesongwa na mtu anayejua.

Mgeni angetarajia kwamba sasa wakili atachukua kalamu. Hachukui.

"Alipoondoka alichukua nini?" anauliza.

"Mashati mawili na saruni."

"Akaacha nini?"

Yulmiarti, kwa maana hilo ndilo jina la mteja, anakunja uso. Amejiandaa kwa maswali ya sheria, si haya. "Kaacha kila kitu. Mwiko wake wa kusongea. Viatu vya harusini. Tetere wake yuko barazani kwenye tundu."

"Nani anamlisha huyo tetere?"

"Mimi. Kwani ndege kakosa nini?"

"Anaendeleaje?"

"Amenenepa mpaka kuimba haimbi tena."

Gusnimar anacheka hadi anajifuta macho kwa ncha ya ushungi. Ukimwona anavyocheka na watu waliokuja kuvunja nyumba zao, utadhani hajali. Anajali sana, ila amegundua kwamba mtu aliyecheka mara moja husema ukweli haraka zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Yulmiarti na mumewe Masrizal walikuwa wakipika galamai pamoja kwa miaka kumi na minne, nyuma ya nyumba ya mama yake Yulmiarti, ambako Masrizal alihamia siku ya harusi kama wanaume wote wa huku. Karai la galamai husongwa saa nane mfululizo, na linataka watu wawili wa kupokezana, maana ukiacha kidogo tu linashika chini. Wiki moja kabla ya Ramadhani, wakati oda zimejaa, ilikuwa zamu ya Masrizal. Akaenda kutazama dakika tano za mpira kwa jirani. Dakika zikawa arobaini.

Karai likaungua. Yulmiarti, mbele ya wateja watatu na mama yake, akamwambia mumewe: "Hii si nyumba yako. Hii nyumba ya mama yangu. Wewe hapa mgeni."

Masrizal aliosha karai mpaka likang'aa, akachukua mashati mawili na saruni, akaenda kwa mama yake. Tangu siku hiyo hajarudi.

"Sikumwambia aondoke," anasema Yulmiarti. "Mimi nilisema mgeni. Mgeni hafukuzwi. Mbona hakurudi? Idi imepita, nimelipa vijana wawili wanisongee, wamenimwagia tui. Mtu aliyenipenda angekaa miezi yote hiyo?"

Kisha anafungua kitabu cha ndoa ukurasa wa mwisho, palipo na masharti ambayo bwana harusi huyasoma kwa sauti mbele ya watu. Akimtelekeza mkewe kwa miezi sita, mke anaweza kwenda mahakamani. Yulmiarti amehesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Miezi sita inatimia Jumatatu ijayo.

"Basi leo siwezi kukuandikia," wakili anamwambia. "Nikipeleka leo watanirudishia. Lakini Jumatatu naipeleka, nakuahidi. Hizi siku saba nipe ruhusa nikamwone."

"Nenda. Lakini usimwambie nimekutuma. Sema umepita tu."

"Nimepita tu? Nyumbani kwa mama mkwe wako, kilomita kumi na mbili toka barabara ya lami, katikati ya mashamba?"

"Wewe si wakili? Tunga."

Hii ndiyo kazi ya Gusnimar, na si rahisi kuieleza kwenye kibao cha mlangoni. Kibao kinasema wakili. Majirani wanasema mshenga wa kinyumenyume. Kesi moja, tangu kuandika maombi hadi hukumu, hutoza rupia milioni nne, na asiye nazo hulipa kidogo kidogo. Mwaka jana watu sabini na mmoja walipanda ngazi zake wakitaka talaka. Arobaini na wanne aliwafikisha mahakamani. Wale ishirini na saba waliobaki walirudi kwao, na kutoka kwao alichopata ni mayai ya bata, pilipili, na kuku mmoja mkorofi ambaye mpaka leo hajachinjwa kwa sababu kila mtu anamwogopa.

"Nikiwapatanisha wote nitakufa njaa," anasema. "Lakini hakuna hatari hiyo. Watu wa hapa wagomvi."

Kuna wateja ambao yeye hawaulizi ni kitu gani kimeachwa. Mwanamke akiingia na jicho lililovimba, au mwanamume akiingia na simulizi ya kuwekewa kisu shingoni, Gusnimar huandika maombi siku hiyo hiyo na kumsindikiza mtu kwa daktari na polisi. "Penye kipigo mimi sipatanishi," anasema, na hapo hacheki. "Hakimu atajaribu kwa sababu sheria inamtaka ajaribu. Mimi namwambia mteja wangu, ukishaulizwa, jibu hapana, na uliseme kwa sauti."

Yeye mwenyewe ameachika. Mtu akitaka kumchokoza huanzia hapo, na hamchokozi vizuri, kwa sababu Gusnimar hulitaja jambo hilo kabla yake. Waliachana miaka kumi na moja iliyopita, kwa amani, baada ya kugundua kwamba wanapendana zaidi wakiwa nyumba mbili. Aliyekuwa mumewe, Yonrizal, ni fundi pikipiki mtaa wa pili, na ndiye anayeitengeneza pikipiki yake.

"Bei ananipunguzia," anasema Gusnimar. "Tulipokuwa kwenye ndoa alikuwa hanipunguzii chochote."

Na lile swali lake amelitoa wapi? Hapo huunyanyua ule mkasi uliokandamiza karatasi. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Gusnimar akiwa na miaka tisa, baba na mama waligombana kwa jambo ambalo sasa hakuna anayelikumbuka vizuri, ama mama analikumbuka na hataki kulisema. Baba akaenda kwao na nguo zake ndani ya mto uliotolewa pamba. Mkasi akauacha kwenye msumari wake, na cherehani akaiacha dirishani ilipokuwa. Hakurudi tena kulala nyumba ile.

"Nilipokuwa chuoni Padang, siku moja mwalimu anafundisha kuhusu kutelekeza, nikaanza kulia darasani kama mjinga," anasema. "Fundi anayehama kweli haachi mkasi. Kumbe mzee alikuwa anategemea kurudi. Na sisi tulikaa tunauangalia mkasi ukutani, hakuna aliyeelewa."

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, pikipiki yake inakata mashamba ya mpunga kuelekea nyumbani kwa mama yake Masrizal. Kwenye usukani amening'iniza mfuko wa machungwa, maana haendi mtu kwa watu mikono mitupu. Kabla hajazima injini, bibi mmoja anatoka ukumbini, anamtazama, anautazama mfuko, kisha anageuka na kuita ndani.

"Rizal. Wamekuja."

Kinachofuata Gusnimar hukisimulia huku akiwa ameshika kichwa. Mkeka unatandikwa. Vikombe vinatoka kabatini, vile vya wageni. Sahani ya ndizi za kukaanga inafika, ya pili inafika. Na mlango wa chumbani unafunguka, anatoka mwanamume wa miaka arobaini na moja, amenyoa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi mikono imesimama. Anakaa mkekani, macho chini, kama bwana harusi. Anangoja.

Bibi anachungulia nje kuona kama kuna wengine nyuma ya pikipiki. Hakuna.

"Uko peke yako?" anauliza. "Mjomba wao yuko wapi? Sinia la tambuu liko wapi?"

"Mama, mimi ni wakili," anasema Gusnimar. "Nimepita tu."

Gusnimar anasema hajapata kuona uso wa mtu ukisawijika namna ile. Masrizal alinyanyuka, akarudi chumbani, akatoka na fulana ya shambani. Lile shati jeupe alikuwa amelitundika kwa uangalifu mlangoni, lisikunjike.

Ndipo mama yake alipomwaga yote. Kila Ijumaa, tangu mwezi wa Ramadhani, mwanawe akitoka msikitini anapiga pasi shati, anavaa, anakaa ukumbini mpaka magharibi. Mke akimwambia mumewe mbele ya watu kwamba hapo si kwake, mume hawezi kujirudisha mwenyewe kama mbuzi aliyepotea. Watu wa mke wanakuja kumchukua, mjomba wao mbele na sinia la tambuu na popoo, wanasema maneno, mambo yanakwisha. Siku tatu. Ikizidi sana, wiki.

"Ijumaa ishirini na tano," anasema bibi. "Mkaa wa pasi tu umenimaliza. Kama hawamtaki waseme."

"Sikutaka hata maneno mengi," anaongeza Masrizal kutoka jikoni alikojificha. "Wangekuja hata mkono mtupu. Kweli nilichoma karai."

Barazani, Gusnimar anampigia simu Yulmiarti. Mteja wake anasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe anangoja?" anasema. "Uni, mjomba yuko Jakarta. Nilimficha. Ningemwambiaje kwamba nimemwita mume wangu mgeni? Nilidhani mwenyewe angerudi, halafu mjomba asijue kabisa."

Basi hapo ndipo palipokuwa na fundo lote. Mke ameona haya kumwambia mjomba, kwa hiyo mjomba hajui, kwa hiyo hakuna aliyekwenda, kwa hiyo mume amekaa na shati lake. Watu wawili waliopendana wamebakiza siku tatu wafike kwa hakimu, kila mmoja akiamini mwenzake hamtaki.

Mjomba Bakhtaruddin ana miaka sitini na minane na duka la vitambaa Jakarta. Alipopigiwa na wakili, wenye maduka wenzake walisikia.

"Miezi sita. Na mimi mjomba wa damu naambiwa na wakili. Nitanunua tiketi sasa hivi. Na huyo Yul mwambie asinipikie chochote, mimi nimekasirika." Kisha akaongeza: "Labda kitoweo cha samaki wa bwawani. Kidogo tu."

Jumapili saa nne asubuhi, gari la kukodi linasimama mbele ya nyumba ya mama yake Masrizal. Mbele mjomba na kofia yake nyeusi, nyuma shangazi wawili na sinia la tambuu lililofunikwa kitambaa cha dhahabu, na kwenye kona Gusnimar, ambaye hana kazi ya kisheria pale lakini hakuna ambaye angeweza kumzuia. Kwa desturi mke haendi. Yulmiarti amekuja, ila amekaa garini, vioo vimepandishwa, na tundu la tetere magotini.

Mjomba anasema. Anasema kuhusu ukoo, mvua, njia ndefu, na ulimi ambao hauna mfupa wa kuuzuia. Anasema dakika thelathini na tano, na shangazi mmoja anasinzia. Masrizal, ndani ya shati jeupe, anamsikiliza mpaka mwisho. Halafu anasema polepole:

"Mjomba, nimekusikia na nimeheshimika. Lakini neno lile halikutoka kinywani mwako."

Mjomba alikuwa amemaliza maneno yote aliyokuja nayo kutoka Jakarta. Gusnimar anakiri kwamba kichwani mwake tayari alikuwa ameanza kuandika maombi ya talaka ya kesho yake, na yalimuuma.

Mlango wa gari ukafunguka. Yulmiarti akapita uani, akapanda ngazi, akaweka tundu la ndege mbele ya mumewe.

Masrizal akamtazama tetere. "Mmemlisha nini huyu? Amekuwa bata."

"Mchele. Na galamai kidogo, anapokataa mchele." Yulmiarti alikuwa akilia, lakini sauti ilikuwa imenyooka. "Rizal, nilisema neno baya mbele za watu, na leo nalifuta mbele za watu. Nyumba ni ya mama, kweli. Mimi nyumba hiyo bila wewe siipendi. Mwiko wako upo palepale. Rudi."

Masrizal akamwangalia mjomba, akaiangalia dari, akamwambia mama mkwe wa Yulmiarti, yaani mama yake mwenyewe, kwamba kwa heshima ya mambo haya angeomba siku tatu za kutafakari.

"Tafakari garini," mama yake akamwambia. "Shati hili mimi silipigi pasi tena."

Jumatatu asubuhi, siku ambayo miezi sita inatimia, Yulmiarti amepanda tena ngazi za ofisi. Hajakaa. Amekuja kuchukua kitabu cha ndoa na ameleta kopo jingine, kwa sababu alfajiri walisonga karai zima, wawili, na halikuungua.

"Nikulipe nini, Uni?"

"Hukufungua kesi. Hakuna cha kulipa."

"Basi kula." Anafika mlangoni, anageuka. "Na mjomba amenituma. Anauliza kama umeshafanya lile alilokwambia jana."

Gusnimar anajifanya kupanga karatasi. Mjomba Bakhtaruddin alimjia na swali wakiwa njiani kurudi, mke na mume wamekaa nyuma wameshikana mikono, ndege katikati. Mzee aligeuka tu kwenye kiti akamuuliza: "Nakumbuka baba yako alikuwa fundi. Yeye aliacha nini?"

"Mkasi," alijibu. "Na cherehani."

"Nani alikwenda kumchukua?"

Mjomba wa kina Gusnimar alikuwa ng'ambo wakati ule, na alifariki hukohuko. Hakuna aliyekwenda. Kila Idi yeye humtembelea baba yake, mzee wa miaka themanini anayeishi kwa dada yake karibu na Suliki, humpelekea dawa na kashata, hukaa saa mbili, hurudi. Kila Idi mzee humuuliza bintiye kama mama yake hajambo, naye hujibu hajambo.

"Kuna talaka?" mjomba aliendelea.

"Hakuna. Niliwahi kutafuta kwenye majalada. Hawakuachana kamwe."

"Sasa wewe wakili gani? Nendeni mkamchukue."

Siku hizi juu ya meza yake karatasi zimekandamizwa na kopo la galamai. Mkasi uko kwa Yonrizal mtaa wa pili, anaunoa, na safari hii amekataa kabisa kutaja bei. Kaka yake Gusnimar, ambaye ndiye mwenye kusema sasa kwa niaba ya ukoo, anatoka Pekanbaru wiki ya Maulidi, mwezi ujao. Wamekubaliana wataazima sinia la tambuu kwa kina Yulmiarti, mkasi utakaa juu yake, na Gusnimar ataendesha. Anasema hana uhakika baba yake atasema nini. Miaka arobaini si Ijumaa ishirini na tano, naye anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya hakimu yeyote.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia mama. Mama yake ana miaka sabini na mitatu na hapendi kushtukizwa. Gusnimar alimwambia Jumatano jikoni, akiwa amesimama mbali kidogo na kisu. Mama alimaliza kumenya kitunguu, akachukua cha pili, akakimenya nacho.

"Mwambieni cherehani yake inafanya kazi," akasema. "Naitia mafuta kila mwezi."